Mafuta ya alizeti na kinga ya sato: majibu kwa mfugaji wa Kayenze na wengine watatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafuga sato kwenye vizimba vinne huku Kayenze. Chakula cha kuelea cha dukani kilipopanda bei nikaanza kujitengenezea. Katika kilo 100 naweka dagaa kilo 25, soya ya kukaanga 20, pumba za mpunga 25, mashudu ya alizeti 20 na unga wa muhogo 10 wa kushikizia. Tangu Machi nikawa naongeza lita 3 za mafuta ya alizeti yasiyosafishwa, nanunua kwenye mashine ya kukamua, maana niliambiwa mafuta yanawapa samaki nguvu. Kunenepa walinenepa kweli. Mwishoni mwa Juni pepo zikavuma siku tatu, maji yakabadilika rangi na harufu, asubuhi nikaokota wafu. Nikadhani yameisha, lakini kwa siku kumi zilizofuata waliendelea kufa wachache wachache, mapezi mekundu, wengine na vidonda ubavuni, mmoja mmoja jicho limetokeza nje. Jirani yangu anayelisha chakula cha dukani alipata wafu siku ile ya kwanza, baada ya hapo wake wakatulia. Fundi mmoja ameniambia mafuta ya mimea yanaua kinga ya samaki, niachane nayo kabisa. Ni kweli?
Mfugaji, Kayenze, Ilemela

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonishika ni zile siku kumi.

Wafu wa asubuhi ya kwanza tuwatoe kwenye kesi hii. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini hulivuruga ziwa, maji ya chini yaliyokaa muda mrefu bila hewa yanapanda juu, na samaki aliye kizimbani hana pa kukimbilia. Huyo anakufa kwa kukosa hewa ndani ya saa chache, awe amelishwa nini. Ndiyo maana na jirani yako aliguswa. Lakini yule aliyevuka siku ile, halafu akaja kufa siku ya sita na pezi jekundu, ameuawa na bakteria. Na bakteria hao, akina Aeromonas na Streptococcus, hawakuletwa na upepo. Wamo majini mwaka mzima, na mwaka mzima mwili wa sato huwa unawafukuza. Safari hii wa kwako umeshindwa kuwafukuza, wa jirani umeweza. Hapo ndipo swali la mafuta linapopata uzito wake.

Samaki hatengenezi damu kwenye uboho wa mifupa kama sisi. Seli zake za ulinzi zinazaliwa zaidi kwenye sehemu ya mbele ya figo, ile nyama nyeusi-nyekundu iliyong'ang'ania chini ya uti wa mgongo karibu na kichwa, ambayo mama zetu huikwangua kwa ncha ya kisu wanapotengeneza samaki. Kila seli inayotoka pale imezungushiwa utando, na utando ule umesukwa kwa mafuta. Mafuta yapi? Yale aliyokula, kwa sehemu kubwa. Msuka nyavu anasuka kwa uzi aliopewa. Ukimpa uzi mwingine, baada ya wiki chache nyavu zake zote mpya ni za uzi huo. Na seli za ulinzi nazo ndivyo zilivyo. Badilisha mafuta ya chakula leo, na kabla ya miezi miwili kwisha utando wake umeshabadilika.

Sasa bakteria akiingia, seli ya ulinzi hukata kipande cha mafuta kwenye utando wake na kukigeuza kuwa ujumbe wa kuita wenzake. Kipande hicho kikitoka kwenye ukoo wa mafuta uitwao omega-6, yaani kikiwa asidi ya arakidoniki ambayo mwili huitengeneza kutokana na omega-6 ya mimea, ujumbe unakuwa mkali: prostaglandini E2, leukotrini B4. Mishipa inatanuka, mahali panavimba, seli zinakimbilia hapo. Kikitoka kwenye omega-3 ndefu iitwayo EPA, ambayo imo kwenye mafuta ya samaki, ujumbe ni wa aina hiyohiyo ila sauti yake ni ya chini. Na kutokana na DHA, ndugu yake EPA, mwili hutengeneza ujumbe wa kutuliza, wa kuwaambia askari kazi imekwisha, rudini. Samaki anahitaji kelele na anahitaji utulivu. Kelele ikizidi anajiunguza mwenyewe, tena prostaglandini E2 ikiwa nyingi mno huzipooza baadhi ya seli zilezile zilizotakiwa kummeza bakteria.

Mafuta ya alizeti ya kawaida yana omega-6 kiasi cha asilimia 60 na zaidi, na omega-3 karibu hakuna. Ya pamba yana kama nusu. Ya soya nayo kama nusu, lakini yana omega-3 fupi kama asilimia 7, na hiyo kidogo ina maana kubwa kama nitakavyoeleza. Mawese yana omega-6 asilimia 10 tu hivi. Karibu nusu yake ni mafuta mazito yale yanayoganda asubuhi.

Huyo fundi wako huenda amesikia habari za samoni. Mwaka 1991 watafiti wa Scotland walichapisha matokeo ya samoni waliolishwa mafuta ya alizeti mahali pa mafuta ya samaki. Misuli ya moyo wa samaki wale ilikuwa imeharibika, na waliposafirishwa baadhi yao walipata mshtuko wakafa. Ona hapo: kabla ya safari walikuwa wanaogelea na kula kama kawaida. Madhara yalijificha mpaka siku ya taabu. Hilo lilinifundisha kitu, na naliona kwako pia. Machi hadi Juni hukuona tatizo lolote kwa sababu ziwa lilikuwa halijawajaribu.

Lakini sato si samoni, na hapa fundi amekosea. Samoni wa baharini amezoea kupewa EPA na DHA zikiwa tayari, mwilini mwake kuzitengeneza ni kwa shida. Sato wetu ni mla mwani na mimea. Ana vimeng'enya vya kuirefusha ile omega-3 fupi ya mimea mpaka ifike kwenye ndefu, si kwa wingi, lakini anaweza. Na omega-6 ya mimea anaihitaji kabisa, akikosa anadumaa. Huko Malaysia wamelisha sato mafuta ghafi ya mawese wakakua vizuri, na nyama yake ikapata vitamini E zaidi. Kwa hiyo anayesema mafuta ya mimea yanaua kinga ya sato, basi, mwambie arudi aseme ni mafuta gani, kiasi gani, na yana umri gani.

Kiasi gani? Tuchukue kalamu. Dagaa wakavu kilo 25 wana mafuta kama kilo 3. Soya nzima iliyokaangwa, kilo 20, karibu 4. Pumba za mpunga, kama ni pumba safi zisizo na makapi mengi, kilo 25 zinabeba kama 3. Mashudu ya alizeti ya mashine zetu za mtaani hayakamuliwi yakaisha, hivyo kilo 20 zina kama 2. Umefika kilo 12 kabla hujafungua dumu! Sato wa kukuzia anatosheka na mafuta kilo 5 hadi 10 katika kilo 100 za chakula, na 12 ni ukingoni. Wewe ukamwongezea lita tatu, ambazo ni kilo 2 na robo tatu. Kile kunenepa ulichofurahia, mwanangu, pasua mmoja uone: mafuta meupe yaliyozunguka utumbo, na ini limebeba mzigo. Na mafuta yote hayo, ukiacha ya dagaa, kama nusu yake ni ya ukoo wa omega-6.

Halafu umri. Hili ndilo ninalolihofia kuliko hayo mengine, na sababu naijua kwa gharama yangu. Mwaka 2016, huku Luchelele, nilinunua madumu matano ya mafuta ya alizeti kwa bei ya kutupa kutoka kwenye mashine ambayo siitaji. Yalikuwa yamekaa uani juani, madumu ya njano, mengine hayakujaa. Nilipofungua la kwanza nilisikia harufu ya rangi ya mafuta, ile wanayopaka mitumbwi pale soko la samaki la Mwaloni. Nikasema nikichanganya na dagaa itafichika. Samaki ana pua, tena kali. Wiki ya kwanza walikuwa wanakizunguka chakula kabla ya kukila. Walikula, kwa sababu hawakuwa na kingine. Julai maji yalipogeuka nilipoteza zaidi ya nusu ya kizimba, na wengi wao walikufa baadaye, kama wako.

Nilimpasua mmoja kwenye ubao wa mtumbwi kwa wembe. Ini la sato mzima ni la kahawia iliyokolea, laini lakini linashikika. Lile lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, limevimba hadi kusukuma utumbo pembeni, na nilipoligusa kwa kidole lilibonyea kama parachichi lililopitiliza. Wembe ulipopita, mafuta yalibaki kwenye makali. Matamvua yalikuwa yamepauka kama nyama iliyooshwa. Nilikaa pale hadi jua likawa kali. Nilikuwa nimewafundisha watu ufugaji kwa miaka, na samaki wangu nimewalisha mwenyewe kitu ambacho pua yangu ilishakataa.

Kinachotokea ni hiki. Mafuta ya mimea yenye omega nyingi yana mahali pengi ambapo hewa inaweza kuyashika. Yakikaa kwenye joto, mwanga na hewa, yanachacha, yanazaa peroksidi, na peroksidi hizo zinaila vitamini E iliyomo kwenye chakula kabla samaki hajakionja. Sasa sikiliza kwa nini vitamini E ni mhimili wa kinga. Seli ya ulinzi inapommeza bakteria humuua kwa kumchoma, kwa oksijeni kali inayoitengeneza yenyewe. Moto huo unawaka ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mafuta. Vitamini E ndiyo inayozuia utando wa seli yenyewe usiungue. Samaki mwenye utando uliojaa omega-6 na asiye na vitamini E ana askari ambao kila wakifyatua risasi wanajijeruhi. Na kadiri unavyoongeza mafuta kwenye chakula, ndivyo haja ya vitamini E inavyopanda. Katika orodha yako yote sijaona premiksi, yaani unga wa dukani wa vitamini zilizochanganywa, hata gramu moja. Kama hukusahau tu kuitaja, basi hilo ni kosa kubwa kuliko alizeti.

Nakuomba pia uzinuse pumba zako. Pumba za mpunga zina kimeng'enya kinachoanza kuvunja mafuta yake mara tu mpunga unapokobolewa. Wiki moja kwenye gunia na tayari zina uchungu. Zinunue siku unayochanganya, au ziruke. Na mashudu yakiwa na ukungu wowote, hata wa kona moja, usiyaguse, maana sumukuvu inaharibu ini na inapunguza kinga hata kama mafuta yako ni mapya. Dagaa nao waangalie: wa chanja, wanaong'aa fedha, hao ndio wenye ile omega-3 ndefu unayoitaka. Waliogeuka kahawia mafuta yao yamekwisha kuchacha, na ndiyo yanayochacha haraka kuliko yote.

Kwa sasa, mafuta ya kuongeza yaondoe kabisa, kwa mchanganyiko huo huyahitaji. Nusu ya soya yako iwe ile iliyokwisha kamuliwa. Weka premiksi ya samaki yenye vitamini C na E kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko, usikadirie kwa kiganja. Siku bei ya dagaa itakapokulazimisha uwapunguze, ndipo mafuta yatakuwa na nafasi, na hapo changanya mawese mekundu ya Kigoma na ya soya nusu kwa nusu, lita moja na nusu kwa kilo 100. Mawese yapashe moto kidogo tu yalainike. Mafuta yoyote yapime hivi: dondoshea kiganjani, sugua viganja mpaka vipate joto, nusa. Ukisikia harufu ya mbegu, sawa. Ukisikia rangi, au yakikukereketa koo ukilamba, yarudishe. Yaweke kwenye dumu jeusi lililojaa hadi shingoni, kivulini. Chakula kilichochanganywa kisipite wiki tatu.

Utando hausukwi upya kwa siku moja, kwa hiyo mwaka ujao usisubiri Juni. Anza chakula kizuri mwishoni mwa Machi. Na maji yakigeuka usilishe siku hiyo hata wakikuangalia vipi, kwa sababu kusaga chakula kunakula hewa.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, Igoma. Sato wa ziwani wamekuwa ghali, nanunua wa vizimba. Shoga yangu anasema wanalishwa mafuta ya kupikia, hawana faida tena kwa watoto. Niendelee?
Mama, Igoma

JIBU: Nzuri mama, endelea. Protini ya sato wa kizimba ni ileile ya sato wa ziwani. Kwenye mafuta ndipo shoga yako ana hoja: nyama ya samaki hufuata chakula chake, na aliyelishwa soya na alizeti ana omega-6 zaidi na omega-3 ndefu pungufu kuliko aliyejilisha mwani ziwani. Ila sato kwa asili ni samaki asiyenona, mafuta yake yote kwa ujumla ni machache, hayawezi kumdhuru mtoto. Omega-3 watafutie kwa dagaa. Kikombe cha dagaa wa Mwaloni kwa wiki mara mbili tatu, wachemshwe na nyanya na kitunguu badala ya kuzamishwa kwenye mafuta, mtoto amepata. Ninachokuomba ni kimoja: mafuta ya kukaangia yale unayoyarudia siku nne hadi yawe meusi, mwaga. Hayo yameharibika kwa njia ileile niliyomweleza mfugaji wa Kayenze, na joto la karai linayaharibu upesi zaidi.

SWALI: Shikamoo. Huku kwetu Ukerewe kuna mtu anauza mafuta ya habasoda ya kuchanganya kwenye chakula cha samaki, anasema yanatibu magonjwa yote ya sato. Bei yake si mchezo. Ni kweli?
Mfugaji wa bwawa, Nansio

JIBU: Marahaba. Habasoda imefanyiwa majaribio kwa samaki, na Misri, nchi inayofuga sato kuliko nyingine yoyote Afrika, ni kati ya waliojaribu. Kwa kiasi kidogo imeonekana kuchangamsha kinga ya sato. Kitunguu saumu vilevile, na hicho unakilima mwenyewe. Lakini kuchangamsha kinga ya samaki mzima ni jambo moja, na kumtibu aliyekwisha ugua ni jingine kabisa; samaki mgonjwa hali, kwa hiyo dawa ya kwenye chakula haimfikii. Anayekuambia inatibu yote anakuuzia tumaini. Hizo fedha nunulia premiksi, na zikibaki toa tope la chini ya bwawa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa ufugaji wa viumbe maji, Nyegezi. Nataka mradi wangu ulinganishe sato waliolishwa mawese na waliolishwa alizeti. Uzito nitaupima. Kinga naipimaje, na maabara yetu haina mashine kubwa?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Umenifurahisha kuliko unavyodhani, maana wanafunzi wengi hupima uzito na kufunga daftari, na umeona kwa mwenzako wa Kayenze jinsi uzito unavyoweza kukudanganya.

Vipo vipimo viwili unavyoweza kuvifanya bila mashine ya mamilioni. Cha kwanza ni lisozaimu, kile kimeng'enya kilichomo kwenye ute na damu ya samaki kinachopasua ukuta wa bakteria. Unachukua bakteria wasio na madhara waitwao Micrococcus, unawakoroga kwenye maji ya chumvi ya fosfeti mpaka yawe meupe kama maji ya kuoshea mchele, unatia tone la majimaji ya damu ya samaki wako, na unapima kwa dakika chache jinsi weupe unavyopungua. Unachohitaji ni kipima mwanga unaopita kwenye majimaji (spektrofotomita) cha kawaida. Weupe ukiondoka haraka, lisozaimu ni nyingi.

Cha pili ndicho nikipendacho. Kuna rangi ya unga wa njano iitwayo NBT. Chota damu kwenye mshipa wa mkiani, dondosha kwenye kioo, kiache kikae mahali penye unyevu ili seli za ulinzi zijishike kwenye kioo, halafu osha taratibu na utie NBT. Baada ya muda angalia kwa hadubini. Seli inayotoa ile oksijeni kali, ile niliyoisema hapo juu ya kumchoma bakteria, inaigeuza njano kuwa bluu nzito. Zinaonekana kama punje za wino zilizomwagika kwenye karatasi. Unazihesabu kwa kila eneo la kioo: za samaki wa mawese ngapi, za alizeti ngapi. Mara ya kwanza kuziona nilikuwa mtu mzima tayari, nimefuga miaka mingi, na nilimwomba msimamizi aniachie hadubini mpaka maabara ilipofungwa. Jambo nililokuwa nalihubiri kwa maneno lilikuwa limelala pale kwenye kioo, la bluu.

Mambo matatu uyashike. Lisha angalau wiki nane kabla ya kuchota damu, vinginevyo utakuwa unapima chakula cha yule aliyekuuzia vifaranga. Mafuta yako yote mawili yawe mapya ya mwezi mmoja, na vitamini E iwe sawa pande zote, au utalinganisha mafuta yaliyochacha na mabichi huku ukidhani unalinganisha mawese na alizeti. Na usipime wakiwa wametulia tu. Chagua samaki kadhaa kutoka kila kundi, waweke kwenye ndoo kwa msongamano wa muda mfupi, warudishe, halafu uchote damu kesho yake. Samoni wa Scotland walionyesha udhaifu wao waliposafirishwa, na sato wa Kayenze walipopigwa na upepo.

Damu ichote saa ileile kila siku, kabla ya kulisha, na andika joto la maji pembeni ya kila namba.